Kwa nini mpwa wangu anaumia akiteremka mlima kuliko akipanda? Naambiwa misuli "inatuma ujumbe" mwilini

#1 MjombaWaKiwira
Wakuu, habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnieleweshe.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 8. Ana ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne. Mwaka jana ulithibitishwa kwa kipimo cha jeni, damu ilipelekwa nje ya nchi. Sisi tuko Rungwe, nyumba iko juu na shule iko bondeni. Asubuhi anateremka, jioni anapanda. Kila mtu anajua kupanda ndiyo kazi, lakini kwake ni kinyume. Jioni anapanda polepole, anapumzika kwenye migomba, anafika, analala vizuri. Siku aliyorudishwa nyumbani kufuata daftari, akateremka mara mbili, kesho yake miguu ilikuwa migumu kama mti na mkojo ulitoka kama chai ya rangi.

La pili linanishangaza zaidi. Mwalimu alimkaripia mbele ya wenzake, hakumgusa hata kwa kidole. Mtoto akalegea palepale kwenye dawati, akashindwa kusimama karibu saa nzima. Hilo limetokea mara mbili.

Daktari mmoja kijana aliniambia: "Mjomba, msuli si kamba tu. Unatoa protini zinazosafiri kwenye damu kama homoni. Msuli wa huyu mtoto unapiga yowe muda wote." Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikatoka na swali langu. Yowe gani hilo, na nani analisikia?

Niongeze kwamba kaka yake mama yetu alifariki akiwa na miaka 17, aliacha kutembea tangu mdogo. Nyumbani wanasema alilogwa kwa sababu ya shamba la chai.

#2 BodaUyole
Pole sana mjomba. Nakaa hapa nisome.

#3 KihesaJuu
Mleta uzi, sikatai hospitali, lakini hilo shamba la chai usilipuuze. Mjomba na mpwa, ugonjwa mmoja, ukoo mmoja? Kuna mkono wa mtu.

#4 MpimaDamu
Nafanya kazi maabara hapa Mbeya, nianze na mteremko kwa sababu hilo lina maelezo.

Ndani ya kila seli ya msuli kuna protini inaitwa distrofini. Kazi yake ni kuufunga ukuta wa seli na nyuzi za ndani ili msuli ukivuta, ukuta usichanike. Mtoto wa Duchenne hana hiyo protini kabisa au ana chembe tu. Jeni yake ndiyo kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu, ina vipande 79, na protini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1987.

Sasa simama mlimani. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kufupika. Ukiteremka, msuli uleule unafanya kazi ya breki: unavuta huku unarefushwa kwa nguvu na uzito wa mwili wako. Hapo ndipo ukuta dhaifu unapopasuka. Watafiti wanaotaka kuumiza misuli ya panya wasio na distrofini huwakimbiza kwenye mkanda ulioinamishwa kuteremka, hawawapandishi.

Ukuta ukipasuka, kalisiamu inaingia ndani na vilivyo ndani vinatoka. Kimeng'enya cha kriatini kinasi, kwa kifupi CK, kwa mtu mzima kiafya huwa kama 200 kushuka chini. Watoto hawa nawaona na elfu kumi na kuendelea. Na ule mkojo wa chai ya rangi ni mayoglobini, protini ya msuli iliyomwagika kwenye damu. Ikitokea tena usisubiri kesho, mpeni maji mengi na muende hospitali, kwa sababu inaweza kuziba figo.

#5 MamaWawili_Makambako
Mjomba, umenitoa machozi asubuhi hii. Nina wavulana wawili wenye hali hiyo.

Wa kwanza alipokuwa na miaka 4 majirani walisifia vigimbi vyake, "huyu atacheza mpira". Vilikuwa vinene na vigumu, kumbe nyama ilishaanza kugeuka mafuta na makovu. Kilichonishtua ni namna alivyoinuka chini. Anageuka, anapiga magoti, anaweka mikono kwenye goti, halafu juu ya goti, halafu kwenye paja, kama anajipanda mwenyewe. Nilidhani ni utundu.

Hospitali moja walipima damu wakaona vimeng'enya vya ini viko juu, akatibiwa ini karibu mwaka mzima. Hakuna aliyepima hiyo CK ya #4. Vile vimeng'enya vya ini viko kwenye msuli pia, msuli ukipasuka vinapanda. Mama yeyote anayesoma hapa, mtoto wa kiume akianguka anguka na "ini" likasemwa, ulizeni CK. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

#6 MjombaWaKiwira
Ahsante sana #4, na pole mama. Alivyoinuka wako ndivyo anavyoinuka wetu, hatua kwa hatua. Sasa yowe?

#7 MwanafunziMkwawa
Niingie hapo. Protini zinazotolewa na msuli na kwenda kuzungumza na viungo vingine zinaitwa miyokini. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 2003 na Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark. Waligundua kwamba mtu akikimbia muda mrefu, msuli wenyewe unamwaga interlukini-6 kwenye damu, na baada ya mbio ndefu kama maratoni inaweza kupanda hadi mara 100. Zamani wengi waliijua kama ishara ya homa na uvimbe tu. Kumbe ikitoka kwenye msuli unaofanya kazi inaliambia ini litoe sukari na mafuta yaachiliwe.

Kwa mtu mzima kiafya huo ni ujumbe mfupi: unapanda, unashuka, kazi imeisha. Kwa mtoto wa Duchenne msuli unapasuka na kujitengeneza kila siku, kwa hiyo ujumbe haukatiki. Nadhani ndilo yowe alilosema daktari. Na si interlukini tu. Kuna TGF-beta inayoamuru makovu yajengwe, na osteopontini inayochochea uvimbe. Wavulana wawili wanaweza kuwa na ugonjwa huuhuu, mmoja akaacha kutembea mapema kuliko mwenzake, na sehemu ya tofauti hiyo imeonekana kwenye jeni ya osteopontini.

#8 DaktariWaMifugo_Mafinga
Dogo wa #7 umesahau mkubwa wao. Miyostatini! Iligunduliwa mwaka 1997 na Alexandra McPherron na Se-Jin Lee kwenye panya. Ni protini ambayo msuli unaitoa ili kujizuia usikue kupita kiasi. Ng'ombe wa Belgian Blue wana hitilafu kwenye jeni hiyo, ndiyo maana ukimwona utadhani amejazwa mawe chini ya ngozi. Swali langu: kwa nini wasiizibe tu kwa hawa watoto, misuli ijae?

#9 KihesaJuu
Daktari, mbegu za hao ng'ombe zinapatikana Mufindi?

#10 DaktariWaMifugo_Mafinga
KihesaJuu, dakika tano zilizopita ulikuwa kwenye shamba la chai, sasa uko zizini. Usiwatake. Wengi wao huzalishwa kwa upasuaji kwa sababu ndama ni mnene mno. Utauza shamba kulipa mganga wa ng'ombe.

#11 MwanafunziMkwawa
#8, walijaribu kwa watoto kweli. Dawa moja ya kuziba njia hiyo ilisimamishwa mwaka 2011 baada ya watoto kutokwa damu puani na kwenye fizi. Nyingine ya Pfizer ikasimamishwa 2018 kwa sababu haikuwasaidia. Maelezo moja yanayotolewa ni kwamba wavulana wa Duchenne tayari wana miyostatini kidogo kwenye damu. Msuli uliobaki ni mdogo, na kama mwili wenyewe umeshaipunguza. Unaziba bomba ambalo maji yake yameshapungua.

#12 DaktariWaMifugo_Mafinga
Hapo nimekuelewa. Lakini bado nasema panya walinenepa misuli. Panya na mtoto wametofautiana wapi? Panya anatembea kwa miguu minne, hajawahi kuteremka Rungwe na begi mgongoni.

#13 MzeeMakete
Vijana mnaenda mbali. Mimi ni wa Makete, najua baridi. Mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kwenye nyasi, hata mtu mzima vidole havikunjuki. Mtoto mwenye misuli dhaifu akitoka asubuhi kwenye baridi hiyo lazima akakamae. Anateremka asubuhi, anapanda jioni jua limeshawaka. Mnasema mteremko, mimi nasema ni saa.

#14 MpimaDamu
Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito, kwa sababu kweli amechanganya mteremko na asubuhi. Ila kukakamaa kwa baridi kunafahamika zaidi kwenye magonjwa mengine ya misuli, yale ya msuli kushindwa kulegea ukishakunjwa. Na mkojo wa chai ya rangi haupatikani kwa baridi ya asubuhi. Mjomba, ile siku ya daftari, safari ya pili ilikuwa saa ngapi?

#15 MjombaWaKiwira
Shikamoo mzee, na mimi pia. Safari ya pili ilikuwa saa nne na nusu hivi, jua limetoka. Lakini ilikuwa mwezi wa saba, kwa hiyo sijui nimpe nani kura.

#16 MzeeMakete
Mwezi wa saba! Nipeni haki yangu hata nusu.

#17 MwalimuVwawa
Nimesoma #1 mara tatu. Mimi ni mwalimu wa msingi, na nimewahi kumwondoa mtoto kwenye mchakamchaka kwa hasira nikidhani anategea, akaanguka mbele yangu. Baadaye ndiyo nikajua ana ugonjwa wa misuli. Sijapata amani na siku ile hadi leo. Mjomba, nenda kaongee na huyo mwalimu, uende na karatasi ya hospitali. Wengi hatujui. Hatufundishwi.

Ila naomba wataalamu mjibu: kukaripiwa kunaingiaje kwenye msuli? Mimi nilidhani ni mtoto kuogopa tu.

#18 MpimaDamu
Mwalimu, swali hilo limefanyiwa kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha jambo la kutisha. Panya wasio na distrofini waliwekwa karibu na panya mbabe anayewatisha. Panya wa kawaida walivumilia, hawa baadhi yao walikufa. Hata kumshika tu kwa ngozi ya shingo kunamfanya panya wa aina hii alegee na kuacha kutembea kwa muda, na shinikizo la damu linashuka. Hawakukimbizwa kwenye mteremko. Walitishwa tu.

Inawezekana sababu iko kwenye mishipa ya damu. Distrofini haiko kwenye msuli wa mguu peke yake, iko kwenye moyo, kwenye kuta za mishipa na hata kwenye ubongo. Hofu ikija, mwili wa kawaida unarekebisha shinikizo, wa mtoto huyu pengine unashindwa.

#19 NesiMstaafu_Iringa
Kamweni wote. Kabla hamjaenda Minnesota, mjomba nijibu hapa. Mtoto anatumia prednisoloni, ile dawa ya steroidi? Dozi ngapi? Na je, zile siku mbili alizolegea alikuwa amekosa dawa?

Nauliza kwa sababu moja. Mtoto akitumia steroidi kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo zinalala. Ndizo zinazotoa kotisoli mtu anapopatwa na hofu, homa au jeraha. Ukikatisha vidonge ghafla, tezi bado zimelala, na mwili unakutana na msukosuko bila kotisoli. Mtoto analegea, anatapika, shinikizo linashuka, anaweza kufa. Hilo si la panya. Nimeliona wodini kwa macho yangu, mtoto aliyekatishiwa dawa kwa sababu bibi yake aliona amevimba uso.

#20 MjombaWaKiwira
Nesi, umenitetemesha. Anakunywa vidonge vitatu vya miligramu 5 kila asubuhi. Mwezi wa tano dawa ziliisha tulikokuwa tunachukua, na mimi nilikuwa sina hela ya kununua nje, akakaa siku tano bila.

Nimehesabu na dada kwa simu. Mara ya pili alipolegea ilikuwa ndani ya hizo siku tano. Mara ya kwanza hapana, alikuwa anakunywa kama kawaida.

#21 NesiMstaafu_Iringa
Basi ya pili naishikilia mimi, ya kwanza waachie wa panya. Muwe na vidonge vya wiki mbili zaidi nyumbani, visiguswe. Akipata homa kali au kutapika, hospitali siku hiyohiyo, na mtamke wenyewe kwamba anatumia steroidi. Watu wa zamu hawawezi kubahatisha.

Na jambo lingine liandikwe kwenye daftari lake la kliniki kwa kalamu nyekundu. Akifanyiwa upasuaji wowote, hata wa jino kwa usingizi mzito, asipewe suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli) wala gesi za usingizi za kuvuta. Potasiamu inaweza kumwagika kutoka kwenye misuli na moyo ukasimama.

#22 MamaWawili_Makambako
Nesi Mungu akubariki, hilo la usingizi hakuna aliyewahi kuniambia kwa miaka tisa.

Nina swali kwa mwanafunzi. Mwanangu mdogo hataki kula kabisa, mkubwa anakula hadi sufuria. Wote wana ugonjwa mmoja. Mkubwa anatumia prednisoloni, mdogo bado.

#23 MwanafunziMkwawa
Mama, hapa nitatoa ninachojua, si jibu la mwanao.

Seli ikibanwa, kwa mfano kalisiamu ikijaa au mitokondria, mitambo ya nguvu ndani ya seli, zikichoka, inawasha mfumo wa dharura. Inasimamisha utengenezaji wa protini nyingi, inabakiza za kujiokoa. Fikiria nyumba yenye moto: hakuna anayepika, wote wanabeba ndoo. Katika hali hiyo seli inatuma pia protini nje. Mbili zinazojulikana sana ni GDF15 na FGF21. GDF15 ikifika sehemu ya nyuma ya ubongo, kwenye kipokezi kilichogunduliwa mwaka 2017, inakata hamu ya kula na kuleta kichefuchefu. Ndiyo hiyohiyo inayohusishwa na kutapika sana kwa wajawazito.

Kwa hiyo inawezekana msuli wa mdogo unaliambia tumbo "funga jiko". Na mkubwa ana prednisoloni inayosema "fungua". Lakini pia mtoto anaweza kukataa kula kwa sababu misuli ya kumeza imechoka au tumbo halisukumi vizuri. Mwambie daktari aangalie hayo kwanza, maana hayo yana msaada.

#24 MpimaDamu
Nakubali hadi kwenye moto. Ila usiwafanye watu waone mfumo wa dharura ni adui. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ukiongeza HSP72, protini ya dharura inayokunja upya protini zilizoharibika na kusaidia pampu ya kalisiamu, panya wenye distrofi (ugonjwa wa misuli kudhoofika) kali wanapata nguvu na kuishi zaidi. Yaani yowe lingine ni la kuita msaada.

#25 MwanafunziMkwawa
Sijasema ni adui. Nasema yowe lisilokatika linachosha hata wanaokuja kusaidia. Msiba wa siku tatu majirani wanapika, wa mwaka mzima nani atapika?

#26 DaktariWaMifugo_Mafinga
Dogo huyo asome hadi mwisho. Mfano wa msiba nitauiba nikafundishie wafugaji.

#27 KihesaJuu
Nimesoma yote. Mjomba, naomba radhi kwa #3, sikujua una mtoto yuko njiani kila siku. Ila nieleweshwe: kwa nini wajomba? Kwa nini haimpati baba?

#28 NesiMstaafu_Iringa
Jeni iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana mbili, moja ikiharibika nyingine inambeba. Mvulana ana moja tu, aliyopewa na mama. Kwa hiyo inashuka kupitia wanawake na kuwaangukia wavulana: kaka wa bibi, halafu mjukuu. Shamba la chai halina kosa.

#29 MamaWawili_Makambako
Nikurekebishe kidogo nesi, kwa upole. Karibu theluthi moja ya watoto hitilafu inaanzia kwao, mama hana. Nasema hili kwa sababu ndoa yangu iliyumba kwa neno "umeleta ugonjwa". Kwa ukoo wa mjomba inaonekana inashuka, kwa hiyo dada zake waambiwe wakiwa peke yao, si kwenye kikao cha ukoo. Na wanaobeba wapimwe moyo pia, maana nao unaweza kudhoofika.

#30 BodaUyole
Dawa ya kuponya kabisa hakuna?

#31 MpimaDamu
Ya kuponya kabisa hapana. Ipo ya kupandikiza jeni fupi ya distrofini, Marekani waliiruhusu mwaka 2023 kwa bei ya dola milioni 3.2 kwa mtoto, na mwaka 2025 kulitokea vifo vya wagonjwa kwa ini kushindwa. Prednisoloni ya bei ndogo bado ndiyo inayowachelewesha wengi kuacha kutembea.

#32 BodaUyole
Basi mimi nichangie ninachoweza. Hapo Kiwira stendi nina mwenzangu wa boda, mtu wa makamo, hakimbizi. Asubuhi ampeleke mtoto bondeni, akae katikati yake na mtu mzima nyuma. Jioni apande mwenyewe na wenzake kama amezoea. Wiki ya kwanza nalipa mimi. Nitumie ujumbe pembeni.

#33 MjombaWaKiwira
Narudi baada ya wiki tatu, wakuu. Ahsanteni, na BodaUyole Mungu amzidishie.

Asubuhi anateremka na boda, mimi nyuma. Jioni anapanda, nampokea kwenye migomba. Mkojo haujabadilika rangi hata mara moja. Mzee Makete, ni mwezi wa tisa sasa, baridi imepungua, kwa hiyo bado una nusu yako. Vidonge vya akiba vipo kwenye kopo la juu. Mwalimu nilimwendea na karatasi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akamhamishia dawati karibu na mlango.

Ila juzi mbwa wa jirani alimbwekea akiwa amekaa tu kibarazani. Hakukimbia, hakuanguka, na vidonge alikunywa asubuhi hiyo, nilimwona kwa macho yangu. Akalegea vilevile. Alikuwa baridi mikononi, midomo imepauka, baada ya kama dakika ishirini akaomba uji.

#34 MpimaDamu
Kuna mtu alipima shinikizo la damu wakati amelegea?

#35 MjombaWaKiwira
Hapana. Mashine tunaipata wapi huku juu?

#36 NesiMstaafu_Iringa
Ninayo moja ya mkono, na mkanda mdogo wa mtoto. Ijumaa naituma kwa basi. Mjomba, niambie nikuwekee jina gani kwenye kifurushi.